Sengu: Baraza la Wamatengo

Msafiri atokaye Mbamba Bay, akauacha ufuko wa Ziwa Nyasa nyuma yake na kupanda kuelekea Mbinga, hufika mahali ambapo miteremko imejaa viraba tangu kileleni hata bondeni, kana kwamba mtu ametandaza milimani wavu wa kuvulia. Na kila kiraba ni shimo lililozungukwa na matuta pande nne. Hizo ndizo ngolo za Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo ya kusini mwa Tanzania. Mwezi wa Machi wanaume hufyeka nyasi, zikanyauka, wakazipanga kwa mistari ikatayo miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi hizo, wakapanda maharage juu ya matuta, na msimu ufuatao mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea, na shimo huyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo.

Sababu ya kazi nzito namna hii haimo katika kilimo peke yake. Katika karne ya 19, Wangoni waliotoka kusini walipoitamalaki nchi ya Songea, Wamatengo wengi walikimbilia milimani, wakajihifadhi kwenye mapango na majabali ya pande za Litembo. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu na watu wengi, haikuwapo nafasi ya kuhamahama, ikawalazimu kulima pale pale mwaka baada ya mwaka. Basi kila ngolo ni ushahidi wa dhiki ile, na wa akili iliyozaliwa nayo.

Vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza huzitaja pande hizi kwa tukio jingine kabisa: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa pale Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako wakati ule Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Habari hiyo imeandikwa mara nyingi na kusomwa mbali sana. Ama wenyeji wa ufuko ule, aghalabu hawatajwi ndani yake hata kwa jina la kijiji chao. Naona hiyo ni dhulma, ijapokuwa haikumwaga damu.

Wamatengo walikuwa na mahali pao pa kuhifadhi habari, napo ni sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, wazee kwa vijana, walikusanyika kwa mzee wao, wake wakaleta vyakula kutoka kila nyumba, wakala pamoja. Na baada ya kula mazungumzo yakaanza. Hapo mkosaji alionywa, kazi za kesho zikagawanywa, na vijana wakasikia ni babu yupi aliyelifungua ntambo lao, yaani ule mgongo wa mlima ulio baina ya vijito viwili, na ni nani mwenye haki ya kulima wapi. Simulizi ile haikuwa ya kupitisha jioni tu: aliyeijua nasaba na mipaka ndiye aliyeweza kuitetea ardhi yake.

Kahawa ilipoingia katika miaka ya 1920 na kuenea, kijana akawa na mibuni yake na fedha yake, kila ntambo likajaa watu, wengine wakahamia nchi ya chini yenye miombo, na sengu ikafifia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kijapani walifika Kindimba kufanya kazi pamoja na wanakijiji, na katika kutafuta namna ya kusimamia mambo yao, ikaundwa kamati iliyopewa jina la Sengu. Chini ya jina hilo la kale yakazungumzwa mambo mapya: mashine ya kusaga iendeshwayo kwa maji, upandaji miti, mabwawa ya samaki. Nastahi sana uamuzi ule, kwani watu walilijadili jambo geni kwa adabu waliyoizoea.

Lakini sengu ya zamani ilikuwa na upungufu ambao haifai kuufumbia macho. Wanawake, ambao mikono yao ndiyo iliyochimba mashimo yale yote, walileta chakula na kurudi. Nasaba na mipaka vilisemwa na waume zao na baba zao. Taarikhi ya ngolo kama aijuavyo mwenye kuzichimba, yaani udongo gani huporomoka, mteremko upi ulichoka, shamba lipi lilimpotea mjane baada ya kufiwa, bado imo vinywani mwa mabibi wa Litembo na Kindimba, nao wangali na nguvu ya kuisimulia.