Printa ya Mtandao Inachapa Maandishi kwa Ngazi? Tatizo Huwa Kwenye Filta

Mwenye stesheneri au karani wa shule kule Kasokola, Mpanda, anayechapa mtihani wa darasa zima usiku wa kuamkia siku yenyewe, hana karatasi za kuchezea. Kumbe printa inaweza kuwa nzima, waya wa mtandao upo sawa, na bado maandishi yakatoka yameshuka kama ngazi hadi kupotea upande wa kulia.

Chanzo ni kidogo tu. Linux, FreeBSD na ndugu zao humaliza mstari kwa alama moja inayosema "shuka chini". Printa nyingi husubiri alama mbili: "rudi kushoto" kisha "shuka chini". Isipoambiwa irudi, inashuka pale pale ilipoishia.

Hapo ndipo filta inapoingia. Ni programu ndogo inayokaa kati ya foleni na printa: inapokea kazi, inairekebisha, inaipitisha. Kwa printa inayoelewa lugha ya PCL, filta nzima ni mistari mitatu:

#!/bin/sh
printf '\033&k2G' && cat && printf '\033&l0H' && exit 0
exit 2

Amri ya kwanza inaiambia printa irudi kushoto kila inaposhuka, cat inapitisha maandishi, na ya mwisho inatoa karatasi. Faili lipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod 755.

Kwenye lpd ya FreeBSD, filta hutajwa ndani ya /etc/printcap, pamoja na anwani ya printa (namba hizi ni za mfano):

ofisi:\
:lp=9100@192.168.1.50:\
:sd=/var/spool/lpd/ofisi:\
:if=/usr/local/libexec/filta-ofisi:\
:lf=/var/log/lpd-errs:\
:sh:

9100 ni mlango ambao printa nyingi za mtandao hupokelea kazi moja kwa moja.

Ile exit 2 isidharauliwe. Namba 0 maana yake kazi imekamilika, na 2 ni kwamba imeshindikana, itupwe. Ukiwekwa 1, lpd inajaribu tena kazi ile ile, na filta mbovu yenye namba hiyo inaweza kumaliza rimu huku mwenyewe akiwa amekwenda kula.

Linux nyingi za leo hutumia CUPS, ambayo ilitoka mwaka 1999. Hii huunganisha filta zenyewe kwa mnyororo, na printa mpya inayoelewa IPP haihitaji hata kuandikiwa moja:

lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Anayeandika yake huiweka kwenye /usr/lib/cups/filter. Iwe mali ya root, na mtu mwingine asiweze kuihariri, la sivyo CUPS inaikataa. Kazi ikigoma, pa kuangalia ni /var/log/cups/error_log, baada ya kuwasha maelezo marefu kwa cupsctl --debug-logging. Na jaribio la kwanza liwe la ukurasa mmoja, siyo mtihani wote.