Kutoka Waya wa Reli Hadi Simu Janja: Safari ya Mawasiliano Tanga

Tarehe 2 Novemba 1914, meli za kivita za Waingereza zilitokea mbele ya bandari ya Tanga. Simu ya maandishi ikapelekwa mara moja kwa waya hadi Moshi, alikokuwa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Askari wake wakapakiwa kwenye treni ya Usambara, reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakawahi kuutetea mji. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wakirudi melini.

Waya ule ulikuwa wa serikali. Mkazi wa Ngamiani au Pangani aliendelea kutegemea barua, nahodha wa jahazi na, baadaye, kondakta wa basi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake la Posta na Simu. Lakini kuongea na ndugu wa mbali bado kulimaanisha kwenda posta na kupanga foleni. Aliyekuwa njiani hakupatikana mpaka afike.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 kupitia Mobitel. Vodacom ikafuata mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Vocha ilikuwa ghali, ndiyo maana watu walibipu.

Mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliingia Tanzania, na bahasha ya pesa aliyokabidhiwa kondakta ikaanza kupoteza kazi. Mwaka uliofuata mkonga wa intaneti wa SEACOM, uliopita baharini, ulifika Dar es Salaam. Intaneti ya kasi ikaandaa njia ya bando na simu janja.

Leo abiria wa stendi ya mabasi ya Kange, Tanga, anayekwenda Dar es Salaam anaweza kukata tiketi akiwa nyumbani. Basi likiwa Segera, anawanunulia watoto umeme wa LUKU. Likifika Chalinze, mwenyeji wake ameshajua atoke saa ngapi kumpokea. Mwenye kitochi, simu isiyo janja, naye hutuma pesa na kununua umeme kwa kubonyeza namba za menyu, hivyo huduma hizo hazimwachi nyuma.

Anayevuka Horohoro kuingia Kenya amepata nafuu kubwa zaidi. Mwaka 2015 Vodacom Tanzania na Safaricom ziliunganisha huduma zao za M-Pesa. Mfanyabiashara wa Tanga anaweza kumtumia muuzaji wa Mombasa malipo kabla ya kuanza safari, bila kubeba fedha taslimu mpakani.