Wazazi wa Kengeja Walipoulizwa

Kengeja, kusini mwa Pemba, inajulikana zaidi kwa mchezo wa ng'ombe. Mimi nafuata njia nyingine, ya utafiti uliopita hapa miaka ya 1990, wakati takriban kila mtoto mdogo alikuwa na vimelea vya malaria, wengi wana minyoo, na upungufu wa damu umewakalia vibaya.

Rebecca Stoltzfus na wenzake, akiwemo Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, walitaka kujua kama madini ya chuma na dawa ya minyoo vingesaidia makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Lakini akili ya mtoto wa mwaka mmoja utaipima kwa nini? Mtihani wa maumbo alioutunga John Raven huko Uingereza, uliotoka 1938, unamtaka mtoto awe amezoea karatasi na michoro. Kwa hiyo wakawaendea wazazi: mtoto amefikia wapi katika kutembea, na katika kusema?

Naupenda sana uamuzi huo. Mtoto hunyamaza mbele ya mgeni, ila anayeshinda naye anajua kila neno analotamka. Baada ya miezi 12, waliopewa chuma waliwazidi wenzao kwa alama 0.8 kati ya 20 za lugha. Katika kutembea, walionufaika ni wale tu ambao himoglobini yao ilianzia chini ya gramu 90 kwa lita. Kwa dawa ya minyoo, dalili ya faida ilikuwapo, haikuthibitika. Matokeo yalichapishwa 2001.

Kwa watoto wakubwa, bara kulitokea la kujifunza. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapa wanafunzi mitihani ya kufikiri, wakawafundisha kidogo, wakawapima tena, alama zikapanda. Angeishia karatasi ya kwanza, mtafiti angewaita wazito watoto ambao hawakuwahi kuonyeshwa namna ya kujibu.

Chuma chenyewe kilikuja kuzua hofu hapa hapa Pemba. Mwaka 2003, katika jaribio kubwa zaidi, kugawa chuma pamoja na asidi ya foliki kulisitishwa, kwa kuwa waliopewa walilazwa au kufariki zaidi. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani hutaka penye malaria chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya ugonjwa huo.