Meza: Ubao au Mlo?

Neno "meza" tulitumialo hapa Mwimbi limetoka mbali. Kilatini kilisema mensa. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, walituachia mesa. Kwa Kiromania, mtoto mwingine wa Kilatini, masă ni meza na pia ni mlo. Wafaransa walishika neno jingine la Kilatini, tabula, yaani ubao, wakapata table. Hiyo ndiyo lugha ya wamisionari wengi waliofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Lakini Kiswahili kilikwisha kuwa na meza yake.

Basi tujiulize: meza zetu ni ubao, au ni mlo? Tukishiriki Meza ya Bwana, kisha jirani akalala njaa, tumebakiwa na ubao mtupu.