Matanuri yalizimwa, deni likabaki

Kila baada ya miaka michache Ufilipino hurudia ugomvi uleule. Mswada unafika bungeni kutaka taka zichomwe ili kuzalisha umeme, watu wa mazingira wanatoka na mabango, na wakongwe wao wanaitoa kabatini sheria ya 1999.

Hiyo ndiyo Sheria ya Hewa Safi, namba 8749. Kifungu chake cha 20 kinapiga marufuku uchomaji wa taka unaotoa moshi wa sumu, zikiwemo taka za hospitali. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba si kila uchomaji uliokatazwa, na hapo ndipo wenye mitambo wameshikilia hadi leo. Hata hivyo hospitali zilipewa miaka mitatu, na Julai 2003 insinereta zake zikafikia mwisho. Von Hernandez, mmoja wa vinara wa kampeni ya kupinga uchomaji, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka huohuo.

Hoja ya wanakampeni ilieleweka hata jikoni. Mfuko wa dripu na mpira wake ni plastiki yenye klorini. Ukiuchoma vibaya unazaa daioksini, sumu inayotua kwenye majani, ng'ombe akala, kuku akadonoa, nayo ikarudi mezani ndani ya maziwa na mayai.

Wapinzani walikuwa na swali moja: sindano mtazipeleka wapi? Jibu lilikuja Februari 2004, taifa zima lilipochanja surua. Watoto wapatao milioni 18, sindano zaidi ya milioni 19, na moto haukuwashwa. Mhudumu akishadunga hakuhangaika kurudisha kifuniko. Aliidondosha sindano kwenye sefti boksi ya lita 5, na boksi likijaa likafungwa. Penye otoklevu, ile sufuria kubwa ya mvuke wa shinikizo, maboksi yaliingizwa humo. Kwingine yalifukiwa mashimoni au kufungiwa ndani ya zege. Naitegemea hapa ripoti ya Wizara ya Afya ya huko na shirika la Health Care Without Harm. Ni wahusika wakijisimulia, lakini sindano milioni 19 hazifichiki.

Kenya, kwa upande wake, ilipochanja surua 2002, ilijenga matanuri ya matofali ya kuchomea taka, ya mtindo wa De Montfort. Nasi Tanzania tunayo nyuma ya zahanati, bomba fupi, moshi ukiingia wodini upepo ukigeuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaunda otoklevu ya kutengenezwa hapahapa nchini. Ukiuliza mtaani, hakuna aliyeisikia.

Ila kisa kinachonikera zaidi ni cha mkopo wa Ufilipino. Miaka ya 1990 serikali ya Manila ilikopa Austria kununua insinereta 26 za hospitali za umma. Sheria ikazifunga, deni likaendelea kudaiwa. Watetezi wa hewa safi wakashikana mikono na wapinga madeni wa Freedom from Debt Coalition: mlipa kodi alipie vipi mtambo ambao sheria ya nchi yake haiutaki? Bunge liliwasikia, likachomeka katika bajeti ya 2008 kifungu cha kusimamisha malipo ya riba. Rais Gloria Macapagal Arroyo akakikata kwa kura ya turufu. Fedha zikaendelea kwenda Austria, kulipia matanuri yaliyokuwa na miaka mitano bila moto.