Afya ya meno ya mbwa

Afya ya meno ya mbwa ni hali ya meno, ufizi na mifupa ya taya ya mbwa, pamoja na utunzaji unaoikinga dhidi ya maradhi. Ugonjwa wa ufizi ni kati ya magonjwa yanayoonekana mara nyingi kwa mbwa wazima, hasa wale wa mbari ndogo. Kwa kawaida mbwa mwenye maumivu ya jino huendelea kula, hivyo mwenyewe anaweza asitambue ugonjwa mpaka umeshakomaa.

Muundo

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno. Meno 28 ya utoto huota kati ya wiki ya 3 na ya 6 hivi. Baadaye hung'oka na kuachia nafasi meno 42 ya kudumu, ambayo huwa yamekamilika kwenye umri wa miezi 7 hivi. Taya la juu lina meno 20 na la chini 22. Kwa jumla ni meno ya mbele 12, chonge 4, magego ya mbele 16 na magego ya nyuma 10.

Chanzo cha ugonjwa

Bakteria wa mdomoni huunda utando laini juu ya meno. Usipoondolewa, madini ya mate huufanya mgumu katika siku chache, ukawa ukoga wa rangi ya manjano au kahawia. Bakteria wanaoingia chini ya ufizi husababisha uvimbe. Katika hatua hiyo ufizi unaweza kupona kabisa meno yakisafishwa. Ugonjwa ukiendelea, mfupa unaoshika jino huliwa, nao haurudi tena wenyewe.

Dalili

Dalili ni harufu mbaya ya mdomo, ufizi mwekundu au unaotoa damu, kutafuna kwa upande mmoja, kudondosha chakula na meno kulegea. Uvimbe chini ya jicho mara nyingi hutokana na jipu kwenye mzizi wa gego la juu.

Kutokwa mate mengi na kushindwa kumeza kunaweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa namna hiyo asiingizwe mkono mdomoni. Aitwe daktari wa mifugo.

Athari mwilini

Bakteria kutoka ufizi wenye ugonjwa wanaweza kuingia katika damu. Utafiti umeonyesha uhusiano kati ya ugonjwa huo na mabadiliko katika moyo, ini na figo, ingawa haujathibitisha kwamba mmoja ndio chanzo cha mengine. Kwa mbwa wadogo, taya lililopoteza mfupa linaweza kuvunjika kwa urahisi.

Utunzaji

Kinga bora ni kupiga mswaki kila siku, mbwa akizoeshwa polepole tangu utotoni. Mswaki laini wa mtoto unafaa. Dawa ya meno ya binadamu isitumiwe, kwa kuwa mbwa huimeza. Baadhi huwa na zailitoli, sukari mbadala iliyo sumu kwa mbwa. Mifupa migumu, pembe na mawe huweza kuvunja meno.

Ukoga mgumu hauondoki kwa mswaki. Daktari wa mifugo huuondoa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, ili sehemu iliyo chini ya ufizi isafishwe pia. Kuukwangua juu tu hung'arisha jino huku ugonjwa ukiendelea chini.