Nyufa za kumbukumbu katika programu ya Vim

Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, kinachosifika kwa uundaji wa majahazi, chombo hutiwa kalafati baina ya mbao zake kabla ya kushushwa majini, na kikishasafiri hupandishwa pwani kikatiwa tena. Programu za kompyuta nazo huvuja. Mfano ni Vim, programu ya kuandika na kuhariri matini inayotumiwa na watunzi wa programu kote duniani.

Vim ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Haiuzwi, badala yake Moolenaar, ambaye mwaka 1994 alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wahitaji wa eneo hilo.

Imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo humwachia mtunzi jukumu la kutenga nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, kuitumia na kuiachilia. Akikosea, lugha yenyewe haimzuii.

Septemba 2021 zilitangazwa kasoro mbili za namna hiyo. Ya kwanza, iliyosajiliwa kwa nambari CVE-2021-3778, ilitokana na herufi batili: Vim ilipokutana nayo ilisoma kupita mwisho wa mstari, ikaingia katika nafasi isiyo yake. Ya pili, CVE-2021-3796, ilihusu kubadilisha herufi. Programu ilishika anwani ya mstari, nafasi ya mstari huo ikaachiliwa, nayo ikaendelea kuitumia anwani ile ile, mithili ya mtu anayerejea chumba alichokwisha kukihama bila kujua kama kimepata mpangaji mwingine.

Makosa ya aina hii huweza kuizima programu ghafla, kufichua yaliyomo kumbukumbuni au, yakitumiwa na mhalifu stadi, kumwezesha kutekeleza amri zake katika kompyuta ya mwingine. Mara nyingi chambo huwa ni faili iliyotengenezwa kwa hila.

Kasoro ya kwanza ilizibwa katika toleo la 8.2.3409. Ya pili ilizibwa katika toleo la 8.2.3428, kwa kuchukua anwani ya mstari baada ya hatua inayoweza kuibatilisha, si kabla yake.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na usimamizi wa Vim ukashikwa na Christian Brabandt pamoja na wajitoleaji wengine. Masahihisho yangali yakitolewa, lakini hayamfai asiyeyapokea: mwenye toleo la zamani husafiri na chombo ambacho kalafati yake imekwisha kulegea.